Hesabu Majani Kwanza, Ndipo Ubebe Bomba: Umri wa Gugu na Nguvu ya Dawa

Ndugu wakulima wa mahindi na mpunga, maafisa ugani, na ninyi wenye maduka ya pembejeo mliofunga milango mkaja shambani asubuhi hii: shikamooni wazee wetu, na wengine wote habari za asubuhi.

Tumewaomba mje ukingoni mwa shamba badala ya kukaa ukumbini, kwa sababu jambo lenyewe linaonekana kwa macho. Chukua dawa ya magugu ileile, kipimo kilekile, bomba lilelile na mpulizaji yuleyule. Ipige kwenye mchicha pori wenye majani matatu, nao utakufa wote, mzizi na shina. Ipige kwenye mchicha huohuo wiki mbili baadaye, utakauka juu tu, kisha macho ya chini yatachipua upya. Mkulima anarudi dukani akilalamika kwamba ameuziwa dawa feki. Dawa feki zipo, wala hatutaki kuzifumbia macho. Hata hivyo, kabla hujailaumu chupa, jiulize gugu lilikuwa na umri gani siku ile.

Tukisema umri wa gugu, hatuhesabu siku za kalenda. Siku 20 za jua na mvua nzuri si sawa na siku 20 za ukame. Tunahesabu majani, na tunapima kimo. Kwa magugu ya majani mapana kama mchicha pori na kishonanguo, yale majani mawili ya kwanza yanayotoka na mbegu hayahesabiwi, kwa kuwa ni chakula cha mbegu tu. Anza na majani halisi yanayofuata. Kwa magugu jamii ya nyasi, hesabu jani lililokwisha kufunguka mpaka pale linapoachana na shina. Lililo bado limejikunja katikati liache. Kisha inama utazame kitako: je, nyasi imeanza kuzaa watoto pembeni? Hapo ndipo mpaka mkubwa ulipo. Nyasi yenye majani mawili hadi manne na isiyo na watoto ni shina moja lenye ncha moja inayokua. Ikishazaa, unapigana na mashina matano au sita, na kila moja lina ncha yake.

Sababu ya gugu kubwa kuponyoka si moja. Ya kwanza ni ngozi ya jani. Jani changa lina nta nyembamba na dawa inapenya haraka. Likikomaa, nta inanenepa, vinyweleo vinakauka, na tone la dawa linakaa juu kama maji kwenye jani la mgomba. Ukame nao unainenepesha nta hiyo hata kwenye gugu dogo. Ndiyo maana gugu fupi lililodumaa kwa jua kali linaweza kuwa gumu kuliko refu lililonyeshewa.

Ya pili ni hesabu tu. Tone lile lile linalotosha mmea wa sentimita 5 linagawanywa kwenye mmea wa sentimita 30 wenye matawi, na kila tawi linapata kidogo. Mmea mkubwa pia una uwezo zaidi wa kuivunjavunja dawa ndani ya mwili wake kabla haijafika kwenye ncha zinazokua.

Ya tatu ndiyo inayosahauliwa zaidi: macho. Mchicha mdogo una ncha moja juu. Mchicha mkubwa una jicho katika kila kwapa la jani, kuanzia juu hadi karibu na udongo. Dawa za kuunguza, kama glufosinati, zinaua pale tu zinapogusa. Majani ya juu yakiwa mwavuli, macho ya chini hayapati hata tone. Siku ya tatu shamba linaonekana jeusi, mkulima anafurahi. Siku ya kumi na nne limekuwa kijani tena. Tena gugu lililochipua baada ya kuunguzwa, au baada ya kukatwa na jembe, linadanganya macho. Juu lina majani mawili matatu tu, lakini chini lina mzizi wa mwezi mzima. Usilihesabu kuwa changa.

Sasa tuje kwenye mahindi. Mahindi yanaumizwa zaidi na magugu katika wiki nne hadi sita za kwanza baada ya kuota. Katika dirisha hilo kila aina ya dawa ina siku zake, na siku hizo hazifanani.

Kuna zile zinazopigwa kabla magugu hayajatokeza: esi-metolakloro na pendimethalini. Hizi zinakamata chipukizi likiwa bado linapanda ndani ya udongo. Gugu likishafungua majani juu ya ardhi, esi-metolakloro haina kazi nalo. Kwa hiyo panda, kisha piga dawa ndani ya siku mbili au tatu, juu ya udongo uliosawazishwa usio na madongoa. Inahitaji mvua ya kiasi cha milimita 10 hadi 15 ndani ya wiki moja ili ishuke kwenye ukanda ambamo mbegu za magugu zinaota. Mvua isiponyesha, dawa inabaki juu, magugu yanaota chini yake na kupita. Hapo wengi wanaongeza dawa ileile juu ya magugu yaliyokwisha kuota, na hiyo ni fedha iliyomwagwa mchangani.

Atrazini inafanya kazi pande zote mbili, kwenye udongo na kwenye jani, ila kwenye jani inataka gugu dogo sana, la majani mapana lisilozidi sentimita 3 au 4. Na wanaochanganya mahindi na maharage wasiiguse kabisa: maharage hayaivumilii, iwe yamepandwa pamoja na mahindi au yamefuata upesi kwenye shamba lililopigwa.

Nikosulfuroni ni ya magugu yaliyokwisha kuota, hasa nyasi za majani mawili hadi manne, wakati mahindi yenyewe yana majani mawili hadi sita. Dawa hii inasimamisha ukuaji ndani ya siku chache, lakini kifo kinachukua wiki mbili hadi tatu. Siku ya tano nyasi bado ni ya kijani, na ndiyo siku watu wanayorudia kupiga. Wanaorudia wanaumiza mahindi. Ukitaka kujua kama imefanya kazi, vuta jani la katikati la nyasi siku ya saba; likitoka kirahisi na kitako chake kimeanza kubadilika rangi, subiri.

Hapa kuna mtego uliowakamata wengi tangu viwavijeshi vamizi waingie nchini. Wakati wa nikosulfuroni ndio huohuo wakati wa kupambana na viwavi. Dawa za wadudu za kundi la oganofosfeti, kama klopirifosi na profenofosi, zinaufunga uwezo wa mhindi wa kuivunja nikosulfuroni. Ukizichanganya kwenye bomba moja, au ukizipiga ndani ya wiki moja kabla au baada, mahindi yanadumaa, majani yanakuwa na michirizi ya njano na kujikunja. Kama viwavi hawawezi kungoja, tumia dawa ya wadudu ya kundi jingine. Wenye maduka, tunaomba swali hili liwe midomoni mwenu kila mtu anaponunua nikosulfuroni: umepiga nini shambani wiki hii?

Kisha kuna 2,4-D, inayoua majani mapana na kuacha nyasi. Kwenye magugu ya majani mawili hadi sita inafanya vizuri. Baada ya maua inapinda mashina tu. Ila safari hii umri wa kutazamwa ni wa pande mbili, wa gugu na wa mhindi. Mhindi ukipita kimo cha sentimita 20 hivi, dawa ikimwagika juu yake inaufanya shina kuwa jepesi kuvunjika na mizizi ya kushikilia inaota imeungana. Upepo wa kwanza unaulaza. Na 2,4-D inasafiri na upepo: pamba, nyanya, maharage na muhogo wa jirani vitapinda majani hata kwa unyunyu mdogo.

Gugu liitwalo kongwe tulitaje peke yake, kwa sababu ni sugu kwa tabia yake. Glifoseti, dawa isiyochagua kati ya gugu na zao, kwa kipimo cha kawaida inaiyumbisha tu kongwe ikishatambaa. Ina majani yenye nta, kila kifundo cha shina kikikatwa kinaota mizizi, na inatoa maua mengine chini ya ardhi yenye mbegu zake. Dirisha la kuikamata ni dogo: majani mawili hadi manne, kabla haijalala chini. Hapo 2,4-D inaiweza. Ikishatambaa, ng'oa kwa mkono, itoe nje ya shamba, ianike juani juu ya jabali au mkeka. Kuipiga jembe na kuiacha baina ya mistari kwenye masika ni kuipanda upya.

Mpaka hapa neno limekuwa moja, wahi gugu likiwa changa. Sasa tunageuka, na tunaomba mtusikilize vizuri, maana anayelibeba neno hilo kila mahali atashindwa na ndago na sangari.

Ndago na sangari hayaanzi maisha kwa mbegu peke yake. Ndago ina vinundu chini, vimeunganishwa kama shanga. Sangari ina vitawi vya chini ya ardhi vinavyotambaa, na kipande chenye kifundo kimoja kinatosha kuzaa mmea mpya. Vinapochipua, chakula kinapanda kutoka ghala la chini kwenda kwenye majani machanga. Glifoseti inasafiri ndani ya mmea pamoja na sukari, inakokwenda chakula nayo inakwenda. Ukiipiga wakati chakula kinapanda, itaua majani na kuishia hapo. Ghala linabaki salama na kuchipua tena. Inabidi ungoje mpaka majani yawe mengi na yenye afya kiasi cha kurudisha chakula chini. Hapo ndipo yanakibeba na sumu.

Kwa sangari, baada ya mvua za kwanza, iache ichipue hadi iwe na majani mabichi ya sentimita 10 hadi 15. Usifyeke, usilime kabla. Kwa glifoseti ya gramu 360 kwa lita, magugu ya msimu mmoja yakiwa machanga yanatosheka na lita 2 hadi 3 kwa hekta, lakini haya ya kudumu yanataka lita 4 hadi 6, kadiri lebo inavyoelekeza. Ukishapiga, usiingize jembe wala trekta kwa wiki mbili walau. Majani yatachelewa kukauka, na wewe utaona kama muda unapotea. Ndio muda dawa inaposafiri. Ukilima siku ya tatu umekata barabara kabla mzigo haujafika.

Ndago inapigwa vizuri inapokaribia au kuanza kutoa maua, wakati vinundu vipya vinaanza kujengeka kwenye ncha za nyuzi za chini. Hata hivyo vinundu vilivyolala bila kuchipua havipati dawa, kwa hiyo kazi ya ndago ni ya misimu zaidi ya mmoja. Ndani ya mahindi, ambako glifoseti haiingii, halosulfuroni ina dirisha la ndago yenye majani matatu hadi matano.

Kiduha nacho kina kalenda yake, na ni ya kuhuzunisha. Ukikiona na maua yake ya zambarau kimekwisha kula. Mbegu yake inaota inaponusa mzizi wa mhindi au mtama, inajibandika kwenye mzizi, na inaishi chini ya ardhi kwa wiki kadhaa ikinyonya kabla haijachungulia juu. Kupiga 2,4-D kwenye kiduha kilichotokeza hakurudishi mavuno ya msimu huo. Faida yake ni kuzuia mbegu, na mmea mmoja unaweza kutoa mbegu zaidi ya 50,000, ndogo kama vumbi, zinazoishi udongoni zaidi ya miaka 10. Umri wake dhaifu ni ule wa kujibandika, gizani, ambako bomba halifiki. Ndiyo maana watafiti walipeleka dawa huko huko. Kenya mwaka 2005 ilizinduliwa mbegu ya mahindi yenye ustahimilivu wa imazapiri, ikiwa imepakwa dawa hiyo, ikaitwa Ua Kayongo. Kayongo ni kiduha kwa Kijaluo. Dawa inakaa kuzunguka mbegu na kukiua kiduha kinapoanza kujishikiza. Anayepanda mbegu ya namna hiyo apande maharage kwanza au anawe mikono kwa sabuni kabla ya kushika mbegu nyingine, kwani unga unaobaki vidoleni unatosha kuua maharage.

Wa mpunga, msituone tumewasahau. Adui wenu mkubwa ni zile nyasi za jamii ya Echinochloa, ambazo zikiwa changa zinafanana na mpunga kabisa. Zitofautishe pale jani linapoachana na shina: mpunga una kiulimi cheupe na vishikizo viwili vyenye vinyweleo, nyasi hizi hazina. Propanili inazitaka zikiwa na majani mawili au matatu. Bispairibaki inavumilia hadi majani matatu au manne. Ile ya gramu 100 kwa lita hupigwa mililita 200 hadi 250 kwa hekta, yaani mililita 80 hadi 100 kwa ekari. Toa maji jarubani kwanza, gugu lionekane walau theluthi mbili ya kimo chake, maana jani lililo ndani ya maji halipokei dawa. Rudisha maji baada ya siku mbili au tatu, kina cha sentimita 3 hadi 5. Ukichelewa kurudisha, mbegu nyingine za magugu zinaota kwenye tope na unaanza upya. Propanili isikutane na dawa za wadudu za oganofosfeti wala kabameti, weka wiki mbili kati yake, la sivyo mpunga utaungua pamoja na gugu.

Kipimo. Mambo yote haya yanaharibika kama hujui bomba lako linamwaga kiasi gani. Pima mraba wa mita 10 kwa 10. Jaza bomba maji matupu hadi alama, puliza mraba huo kwa mwendo wako wa kawaida, kisha jaza tena ukipima maji yaliyopungua. Zidisha kwa 40 upate lita za ekari moja, au kwa 100 upate za hekta. Tuseme umetumia lita 2: hizo ni lita 80 kwa ekari, yaani mabomba 5 ya lita 16. Lebo ikisema lita 2.5 kwa hekta, ni lita 1 kwa ekari, na kila bomba linapata mililita 200. Mtu mwingine anayetembea haraka atamaliza ekari kwa mabomba matatu. Akiweka mililita 200 zilezile amepunguza dawa karibu nusu bila kujua. Kizibo cha chupa si kipimo, nunua kikombe chenye alama.

Tumia pua inayotoa unyunyu bapa kama upepeo, si ile ya duara ya dawa za wadudu. Maji yawe safi. Glifoseti inajishikiza kwenye chembe za udongo, hivyo maji ya mfereji yenye tope yanaiua ndani ya bomba. Kama maji ya kisima chako ni magumu, sabuni haitoi povu, yeyusha kwanza mbolea ya SA (salfeti ya amonia) gramu 20 kwa kila lita, ichuje, ndipo uweke glifoseti. Piga asubuhi umande ukishakauka, upepo ukiwa mdogo, na mvua iwe mbali kwa saa sita hivi. Glavu, buti, suruali ndefu, kinga ya macho. Chupa isuuzwe mara tatu na maji hayo yarudi kwenye bomba.

Swali linaloulizwa kila tunapofika hapa ni hili: nimechelewa, je, niongeze dozi mara mbili? Hapana. Kwenye mahindi na mpunga dozi mara mbili inaumiza zao. Nusu dozi nayo ni mbaya, kwa sababu magugu yanayoponea chupuchupu ndiyo yanayotoa mbegu za msimu ujao, na kizazi baada ya kizazi unajichagulia magugu sugu. Gugu likishapita umri ulioandikwa kwenye lebo, rudi kwenye jembe na mkono. Lililoanza kutoa maua ling'oe na ulitoe nje, kwa sababu kishonanguo kinaweza kukomaza mbegu hata baada ya kung'olewa.

Swali jingine: magugu hayaoti siku moja, nipige lini? Tazama kundi kubwa lililoota baada ya mvua ya kwanza, na ndani yake tazama yaliyo makubwa, usitazame ya wastani. Hayo makubwa yakifika majani matatu, ndiyo siku yako. Yatakayoota baadaye yaachie dawa ya udongoni uliyopiga mwanzo, au palizi moja jepesi.

Sasa kila watu wanne wachukue fremu moja ya mti, nusu mita kwa nusu mita. Tutatembea shambani kwa kwenda na kurudi kama zigizaga, tuiweke mahali kumi, na kila mahali mtuhesabie majani ya gugu kubwa kuliko yote. Tunaanzia upande huu wa mfereji, kwenye mistari iliyopandwa mwisho.